Letusi, kabichi, mchicha au sukuma wiki: mwenye sukari ajaze lipi kwenye ile nusu ya sahani?

Mama yangu alipogundulika ana sukari, ile aina ya pili, kliniki walimpa maelekezo mengi ila lililomkaa kichwani ni moja tu, kula mboga za majani kwa wingi. Basi. Mboga gani, mbichi au ya kupika, huo wingi ni kiasi gani, hapo sasa ndo ukoo mzima ukageuka madaktari. Shangazi anasema letusi tu, ukishapika umeua vitamini zote. Jirani anasema mbichi zina minyoo, mpikie mama mchicha. Binamu yupo Nairobi anapiga simu anasema kwani nyie hamna sukuma huko? Na mimi ndo niliyekuwa natumwa sokoni, kwa hiyo nimeyanunua yote, nimeyaosha yote, na mama kayala yote, mengine kwa kulazimishwa.

Nimeandika hii kwa mtu aliyekwama hapo hapo tulipokwama sisi. Sitakwambia lipi ni bora kwa kila mtu maana hata kwetu jibu limebadilika mara tatu.

Kwanza jambo moja lieleweke ili tusigombane bure. Jani lenyewe karibu halipandishi sukari. Gramu 100 za unga wa sembe zina wanga zaidi ya gramu 70, gramu 100 za letusi zina wanga kama gramu 3 tu, za mchicha kama 4, sukuma 5 na kitu, kabichi kama 6. Ukizitazama hizo namba utaona kugombana letusi na mchicha kipi kina sukari kidogo ni kupoteza muda. Kazi ya majani ni kujaza nusu ya sahani ili ugali au wali ubaki kwenye robo, na robo nyingine iwe ya samaki, maharage, nyama, yai, chochote kati ya hivyo. Kama umeongeza mchicha na mlima wa ugali uko vile vile ulivyokuwa mwaka jana, hapo hujafanya kitu, umeongeza mchicha tu. Hilo ndo kosa tulilofanya sisi miezi ya mwanzo.

Kwa hiyo nimeyapima majani kwa vitu hivi vitano: sukari na shibe (nyuzinyuzi ziko kiasi gani, litakushikilia tumbo au saa kumi unatafuta chapati), kinachoingia nalo kwenye sufuria au bakuli, usafi, mfuko na soko, alafu mwisho nani linamfaa na nani awe makini. Nimechukua manne. Kisamvu nimekiacha makusudi kwa sababu huwezi kukila kibichi, majani ya muhogo yana sumu ya sianidi ndo maana yanatwangwa na kuchemshwa muda mrefu, na kwetu hakikamiliki bila karanga na nazi, kwa hiyo ni habari nyingine kabisa.

LETUSI

Sokoni wengi wanaiita saladi tu, usishangae ukiulizia letusi muuzaji akakukodolea macho.

Sukari na shibe: Ni maji, kama asilimia 95. Nyuzinyuzi ni kidogo, gramu 1 na kitu kwa gramu 100, na hizo gramu 100 ni bakuli zima limejaa. Kwa sukari ni salama kabisa, kwa shibe ni danganya toto. Mama alikula bakuli la letusi na nyanya mchana, baada ya saa moja akauliza chakula kinaiva saa ngapi. Ile ya kijani kibichi iliyoachana majani ina vitamini nyingi kuliko ile iliyofunga mviringo kama kabichi, nyeupe nyeupe, hiyo ni maji na mlio wa kutafuna.

Kinachoingia nalo: Hapa ndo utamu na hatari. Letusi haihitaji mafuta ya kukaangia, ndimu, chumvi kidogo sana, tango, kitunguu, imeisha. Ila tatizo haina ladha kali, kwa hiyo mtu anatafuta kitu cha kuimwagia, mayonezi, au zile sosi za chupa ambazo ukigeuza nyuma ukasoma unakuta sukari imeandikwa pale juu juu kwenye orodha. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120, na mayonezi karibu yote ni mafuta. Sisemi usiweke mafuta kabisa, mafuta kidogo yanasaidia mwili kufyonza vitamini A na K zilizoko kwenye majani, kijiko kidogo cha chai au vipande viwili vya parachichi vinatosha.

Usafi: Hili ndo jani linalonitisha kuliko yote. Linaliwa bichi, lina mikunjo, linakua chini karibu na udongo na ukiuliza limemwagiliwa maji gani hupati jibu. Dar habari za bustani zinazomwagiliwa maji ya bonde la Msimbazi zimeongelewa miaka na miaka. Unabandua jani moja moja, unaosha kwa maji yanayotiririka, suuza ya mwisho iwe kwa maji ya kunywa, yaliyochemshwa au kutibiwa. Kuloweka kwenye chumvi au siki kunasaidia kuondoa wadudu na mchanga ila usidhani kunaua kila kijidudu. Na kipindi cha kipindupindu mtaani sisi letusi hatuli, hamna mjadala.

Mfuko na soko: Ni jani la baridi, nyingi inatoka milimani, Lushoto huko. Ikifika Dar mchana wa jua imeshalegea. Bila friji kesho yake ni ya kutupa. Ukiwa Arusha, Limuru au Lushoto kwenyewe ni hadithi nyingine, ipo mbichi na bei poa.

Nani linamfaa: Anayepunguza uzito, mwenye friji, mwenye maji salama, anayekula ofisini na hana pa kupikia. Awe makini mwenye meno mabovu au hana meno, na mjamzito mwenye sukari ya mimba, huyo saladi ya mtaani asiyoiosha mwenyewe aiache.

KABICHI MBICHI (KACHUMBARI)

Sukari na shibe: Wanga umezidi kidogo wa wenzake lakini bado ni mdogo mno, nyuzinyuzi gramu 2 na nusu, na vitamini C ipo ya kutosha, kama miligramu 36 kwa gramu 100, ambayo ukiila mbichi haipotei kwenye moto. Kutafuna kwake kunachukua muda, na kutafuna taratibu kwenyewe ni msaada, mtu hawezi kufakamia kabichi mbichi.

Kinachoingia nalo: Kachumbari ya ndimu, nyanya, karoti kidogo, pilipili, haina shida, angalia chumvi tu maana wenye sukari wengi wana presha pia, na kiwango cha WHO kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai hakijai. Kolslo ya hotelini ni kitu kingine, ni mayonezi yenye kabichi ndani, na wengine wanatia sukari. Alafu kuna huu utani wa banda la chipsi, mtu anakula sahani ya chipsi yai, pembeni kachumbari ya vidole viwili, anasema leo nimekula mboga. Ile kachumbari haifuti viazi.

Usafi: Nafuu kuliko letusi. Unabandua majani ya nje mawili matatu unatupa, ndani kumefungana ni pasafi kiasi, bado unaosha.

Mfuko na soko: Hapa inawafunga wenzake wote. Kichwa kimoja kinakaa wiki nzima jikoni bila friji, unakata robo unarudisha. Ipo mwaka mzima, kijijini na mjini.

Nani linamfaa: Anayeishi peke yake, anayerudi usiku, asiyependa kwenda sokoni kila siku. Awe makini mwenye tumbo la gesi, na yule ambaye sukari ya muda mrefu imeshamharibu mishipa ya fahamu ya tumbo, chakula kinakaa tumboni bila kushuka, anashiba haraka na kutapika. Huyo majani magumu mabichi yanamtesa, apike laini na aongee na daktari wake.

MCHICHA

Wakenya terere.

Sukari na shibe: Ukipikwa unasinyaa, kila mtu anajua, fungu zima linageuka kiganja. Sasa huo msinyao ndo faida, maana ili ujaze nusu ya sahani unahitaji mafungu mawili au matatu, kwa hiyo unakula majani mengi kweli kweli kuliko bakuli la letusi. Kalsiamu ipo zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100, potasiamu kama 600. Shibe ni nzuri.

Kinachoingia nalo: Tui. Hapa watu wa pwani tuambiane ukweli. Mchicha wa nazi wa mama ulikuwa na tui zito la nazi nzima, mafuta yanaelea juu, na ugali wa kuchovyea ile rojo ndo ulikuwa unazidi. Sukari ya nazi si nyingi, tatizo ni mafuta, ni yale ya kuganda, moyo hauyapendi na uzito haushuki, na mwenye sukari moyo wake tayari uko kwenye hatari. Tulichofanya hatukumnyima nazi, angegoma. Tui jepesi, yale maji ya pili, mara mbili kwa wiki, siku nyingine kitunguu na nyanya na kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria la watu wanne. Alinuna mwezi mmoja. Magadi pia achana nayo, yanalainisha kweli lakini ni sodiamu hiyo hiyo unayoikimbia kwenye chumvi.

Usafi: Moto unaua vijidudu na mayai ya minyoo, kwa hiyo hapa jirani yetu alikuwa sahihi. Ila moto hauondoi madini mazito kama risasi yaliyotoka kwenye maji machafu ya bustani, kwa hiyo kujua mchicha umetoka wapi bado kuna maana hata kama unapika. Kama una kindoo na udongo mzuri panda mwenyewe, wiki tatu nne unaanza kuchuma. Na usichemshe mpaka uwe wa kijivu, dakika chache tu, vitamini C ndo inayoondoka kwanza, hapo na shangazi naye alikuwa na robo ya ukweli.

Mfuko na soko: Kila genge, kila asubuhi, fungu la jero. Bustani za mjini zinautoa haraka kuliko jani lolote.

Nani linamfaa: Wazee, wasio na meno, wenye familia kubwa, asiyeamini maji ya kuoshea. Makini kwa mwenye figo zilizoanza kuchoka, na sukari ikikaa muda mrefu figo ndo zinaguswa, maana potasiamu nyingi inaweza kumletea shida ya moyo. Huyo apimwe kwanza, aambiwe kiasi chake, na mara nyingi atashauriwa kuchemsha na kumwaga maji kwa sababu potasiamu inayeyukia kwenye yale maji. Mwenye historia ya mawe ya figo pia, mchicha una oksaleti nyingi, kitu kinachochangia kutengeneza hayo mawe.

SUKUMA WIKI

Sukari na shibe: Kwenye nyuzinyuzi hapa ndo kwenyewe, kama gramu 4 kwa gramu 100, jani ni nene, halisinyai sana kama mchicha. Mama akila sukuma mchana hasikiki mpaka magharibi.

Kinachoingia nalo: Nairobi inakaangwa na kitunguu na nyanya, haraka, inabaki na kijani chake. Mafuta ndo ya kuangaliwa, vibanda vingi wanamwaga mafuta mpaka chini ya sahani kuna ziwa. Nyumbani unaweza kukata nyembamba sana kama nyuzi, ukaivisha kwa maji kidogo na kijiko kimoja cha mafuta, inatosha. Shida nyingine ni mwenzi wake wa maisha, ugali. Jina lenyewe linasema kazi yake ni kuisukuma wiki, na wiki ilisukumwa kwa ugali mwingi na sukuma kidogo, kwa mwenye sukari geuza, sukuma nyingi ugali kidogo, na dagaa au omena pembeni.

Usafi: Inapikwa kwa hiyo sawa na mchicha. Wanaojua bustani za pembezoni mwa mito michafu ya Nairobi watanielewa nikisema uliza inakotoka.

Mfuko na soko: Kenya ni bei ya kila mtu, ukiwa na miche kumi nyuma ya nyumba unachuma majani ya chini miezi mingi. Dar ipo lakini chainizi na matembele ndo yamejaa zaidi gengeni.

Nani linamfaa: Mwenye njaa ya mara kwa mara, anayefanya kazi za nguvu. Makini anayetumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda. Vitamini K iko nyingi kwenye sukuma na mchicha, na inapingana na hiyo dawa. Hapigwi marufuku kula, asile kwa kuruka ruka, leo sahani nzima alafu wiki mbili hamna. Ale kiasi kile kile na kliniki wajue.

MPANGILIO WA KULA, hili ni la majani yote

Hapa nilijifunza kitu. Mwaka 2015 kuna utafiti wa Marekani ulitoka, watu 11 tu wenye sukari aina ya pili wanaotumia metformini (kidonge cha kushusha sukari), wakapewa chakula kile kile siku mbili tofauti, siku moja wakaanza na mkate na juisi ya machungwa, siku nyingine wakaanza na saladi, brokoli na kuku, mkate na juisi vikafuata baada ya dakika 15. Siku ya kuanza na mboga na kuku sukari ya saa moja baada ya kula ilikuwa chini kwa karibu asilimia 37. Ni watu wachache ndio, lakini kujaribu hakugharimu hata senti. Kwetu sisi tunaokula kwa kuchanganya tonge na mboga ni mtihani, mama anasema ugali bila mboga anaumezaje. Tulichokubaliana ni kachumbari na kipande cha samaki vinaanza peke yake, alafu ndo ugali na mchicha vinaingia. Kwa hiyo kumbe si lazima uchague moja kati ya bichi na la kupika, bichi linafungua, la kupika linafuata.

Na juisi za kijani, mchicha na ndizi na embe kwenye blenda, hizo usizihesabu kama mboga. Ni matunda ya kunywa kwa dakika moja.

SASA WEWE UKO WAPI?

Unatumia insulini au glibenklamaidi (kidonge kingine cha sukari, kinachoweza kuishusha kupita kiasi): soma hapa polepole. Siku moja mama aliamua kujitahidi, akameza dawa yake asubuhi kama kawaida, mchana akala letusi na tango peke yake, hamna wanga hata kidogo. Saa tisa anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea maneno hayaeleweki. Mashine ikasoma 3.2 (kwa kipimo cha mmol/L). Chini ya 4 ni sukari imeshuka, tukampa soda ya kawaida nusu chupa haraka, baada ya dakika 15 tukapima tena ndo akarudi. Kwa hiyo jani lolote utakalochagua, ile robo ya wanga usiifute kwa kichwa chako kabla hujaongea na anayekuandikia dawa.

Unatumia metformini peke yake: hatari ya kushuka hivyo ni ndogo, chagua unalolipenda, kumbuka tu majani hayana vitamini B12 na hiyo dawa ikitumika miaka mingi inaweza kuipunguza, kwa hiyo nusu nzima ya sahani ya kijani haiondoi haja ya samaki, yai au maziwa.

Uzito ndo adui yako mkubwa: letusi au kabichi ya ndimu ianze, alafu sukuma au mchicha wa mafuta kidogo.

Unakula kwa mama ntilie kila siku: omba mboga ya kupika mara mbili, wali nusu, ulipe hiyo nyongeza. Kachumbari iliyokaa wazi toka saa nne iache.

Figo zimeguswa: usiamue kwa makala, pimwa, na kabichi au letusi mara nyingi zitakuwa nyepesi kwako kuliko mchicha.

Mfuko umebana: mchicha ukiwa pwani, sukuma ukiwa Kenya, kabichi popote.

Bado huamui: fanya jaribio. Siku mbili tofauti, kiasi kile kile cha ugali (pima kwa kikombe, usikadirie), samaki yule yule, badilisha jani tu. Pima kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza, andika kwenye daftari. Wengi wanalenga isizidi 10 hapo baada ya kula, daktari wako anaweza kukupa namba nyingine. Kwa mama tofauti ya letusi na mchicha ilikuwa ndogo mpaka tukacheka, siku iliyoruka juu ni ile aliyoongeza kikombe cha pili cha ugali akidhani sijamuona.